Namba za Heshima kwenye Ubao wa Draya

Mjukuu wangu huniletea chai, halafu anasimama hapo anaangalia vipande vya majani vinavyoelea kikombeni na kusema chujio limeharibika, ninunue lingine. Nimemwambia mara ngapi sijui kwamba hakuna chujio linalokata sawa. Tundu likiwa dogo chai inakataa kushuka, likiwa kubwa majani yanapita, na hapo katikati ni ugomvi tu. Hanisikii, kwa sababu amesoma. Basi wacha niandike, labda karatasi ataisikia.

Maneno hayo ya chujio sikuyatoa kichwani mwangu. Niliyapata kwa injinia mmoja kijana, wakati nikiwa karani wa ubao katika kiwanda cha chai ambacho sitakitaja. Alinisumbua karibu miezi miwili kwa hesabu zake. Ningependa kusema alinisumbua bure, lakini sivyo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Ningeenda la nne, lakini mwalimu wetu alikuwa na tabia ya kutupeleka kulima shamba lake tangu asubuhi, na baba akasema kama ni kulima, hata kwake kuna jembe. Kwa hiyo nikatoka shule nikijua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kidogo. Nilipopata nguvu nikavuka mpaka pale Chepilat na sanduku langu la bati kichwani, nikaenda kutafuta kazi kwenye chai kama watu wengine wa kwetu Kisii. Wenzangu walipewa vikapu. Mimi, kwa sababu ya zile hesabu nne, nikapelekwa kiwandani.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Majani yakishanyaushwa na kusagwa na kugeuka rangi, yanaingia kwenye mashine kubwa ya kukaushia, tuliyoiita draya. Hewa moto inatoka kwenye tanuru la kuni na kupita kwenye chai. Ubavuni mwa draya kulikuwa na kioo cha mviringo chenye mshale, sisi tuliita saa ya joto. Kila baada ya dakika kumi mimi nasoma mshale, naandika namba kwenye ubao kwa chaki, na jioni nazinakili daftarini. Namba nzuri ilikuwa mia mbili. Ikishuka sana, chai inatoka na maji na itaoza kwenye gunia. Ikipanda sana, chai inaungua, na mwonjaji akiiweka mdomoni anatema kwa hasira.

Nyuma ya ukuta, kwenye tanuru, alikuwa mzee mmoja Mkipsigis aliyekuwa akilisha huo moto tangu wakati wa wazungu. Jicho lake moja lilikuwa limechoshwa na moshi, lakini alijua moto kwa sikio. Siku yangu ya kwanza aliniangalia kwa lile jicho zima.

"Wewe mtu wa ndizi kutoka Kisii," akasema, "mikono yako ni kama ya mke wa padri. Utashika kuni namna gani?"

"Nimekuja kuandika, mzee."

"Kuandika nini? Moto haujui kusoma."

Lakini huyo huyo ndiye aliyenipa mahali pa kulala nilipokosa nyumba kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Nilikaa kwake mwezi mzima, nyuma ya pazia la gunia. Nikapata homa, mke wake akaninywesha mursik, maziwa yao ya mgando, kutoka kwenye kibuyu mpaka nikaamka. Ile nyumba ilikuwa ya kazi. Ukifutwa leo, Jumamosi unatoka na vyombo vyako. Na mzee hakuwa na pengine pa kwenda, maana shamba la baba yake upande wa Ndanai ndugu zake walikuwa wamelimaliza kugawana yeye akiwa tanurini. Kwa hiyo yule mzee na lile tanuru vilikuwa kitu kimoja, ukimwondoa pale umemwondoa duniani. Nataka msomaji akumbuke hilo ninapoanza kueleza upuuzi wangu.

Karani aliyekuwa kabla yangu ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwa siku moja, na jambo kubwa aliloniachia lilikuwa hili. "Usiruke," alisema. "Mshale unaruka, wewe usiruke. Ukiandika mia mbili, halafu mia mbili na ishirini, meneja akipita atauliza nani alikuwa analala tanurini. Sasa wewe tembea polepole. Nne, halafu nne, halafu nne. Mshale utarudi wenyewe, na hakuna mtu ametukanwa."

Sikuona ubaya. Hata kwetu, ukipewa maziwa yaliyoharibika husemi yameharibika, unasema leo yana nguvu. Na Wakipsigis vilevile, hakuna mtu anayesimama mbele ya boma la mwenzake na kutaja idadi ya ng'ombe kwa sauti. Kuna namba za kusema na kuna namba za kuona. Kwa hiyo miaka yote niliyosimama pale sikuwahi kuandika namba iliyopita ile ya nyuma kwa zaidi ya nne. Mimi moyoni niliziita namba za heshima. Mzee alijua. Hakuwahi kunishukuru kwa mdomo, lakini mahindi ya kuchoma yalikuwa yakinifikia kwa tundu la ukutani, tena ya moto.

Ndipo akaja injinia. Huyu alikuwa kijana wa upande wa Murang'a, suruali pana chini kama sketi, ametoka kusoma ng'ambo, na mfukoni ana kimashine cha hesabu chenye namba nyekundu zinazowaka. Meneja alimwamkia yeye kwanza. Alisema siku zinakuja ambapo mashine itasoma joto yenyewe, kwa namba, na kurekebisha hewa yenyewe, bila karani na bila mzee. Alisema hivyo mbele yetu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini kwanza, alisema, ni lazima apate chujio.

Mimi nikamletea chujio kutoka jikoni kwa wapishi wa kantini. Sikufanya mzaha, nilidhani anataka chai.

Akacheka, akanikalisha juu ya sanduku la chai, akaanza kunieleza. Nisikilize, kwa sababu nilimsikiliza kwa shida na sitaki shida hiyo ipotee. Alisema joto la draya lina mambo mawili yamechanganyika. Kuna mwendo wa polepole, ambao ni moto wenyewe kukua au kufa. Na kuna kutikisika kwa haraka haraka: mlango umefunguliwa, upepo umepita, mshale umetetemeka. Ukirekebisha moto kwa kila mtikisiko utakuwa mwendawazimu. Kwa hiyo unataka chujio la namba, linalopitisha mwendo wa polepole na kuzuia mtikisiko.

"Linalokata sawa kabisa," nikasema.

"Hilo halipo," akasema, na akafurahi kama mtu aliyesubiri aulizwe. "Hilo lipo kwenye karatasi tu. Ili likate sawa kabisa kama kisu, lingetaka namba zisizo na mwisho. Za leo, za jana, za kabla hujazaliwa. Na pia za kesho."

"Za kesho nitazitoa wapi, bwana?"

"Ndiyo maana tunakadiria. Kazi yetu ni kuchagua tutakosea namna gani."

Mtu amesoma mpaka ng'ambo ili aje kuchagua namna ya kukosea. Nilimwambia mzee jambo hilo kwa lile tundu la ukutani, naye akasema kijana angemwuliza yeye mapema, sisi hapa tunakosea bila karo.

Chujio lenyewe lilikuwa ukanda wa kadibodi. Alikata matundu saba, na kando ya kila tundu akaandika namba. Mimi nakopi namba za ubao kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, naweka ukanda juu yake, matundu saba yanaonyesha namba saba. Kila moja nazidisha kwa ile iliyo kando ya tundu lake, najumlisha zote, nagawanya, na jibu ndilo joto la kweli la ile namba ya katikati. Halafu nasogeza ukanda hatua moja, naanza upya. Hebu fikiria. Kila dakika kumi, na chai inapita, na chaki imeisha, na huyu anataka nizidishe mia mbili na tatu kwa sita.

Ukanda wa kwanza ulikuwa na tundu la mwanzo na la mwisho yaliyoandikwa toa mbili. Yaani hizo mbili usiongeze, uondoe. Nilikataa. Nilimwambia joto lililokwisha kuwaka utaliondoaje, chai imeshalila. Akasema ni hesabu tu. Nikafanya hesabu tu. Na namba zikaanza kuyumba: moto ukipanda, jibu linashuka kidogo kabla halijapanda, halafu linapita kiasi, halafu linarudi, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Injinia akasema hiyo ni kwa sababu tumekata orodha isiyo na mwisho kwa panga, na ukikata kwa panga ncha zinatoa mawimbi.

Ukanda wa pili akazilainisha ncha. Moja, mbili, tatu, nne, tatu, mbili, moja, gawanya kwa kumi na sita. Huo niliupenda, mtu hata wa darasa la tatu anauweza. Hauyumbi. Lakini ni mzito kama ng'ombe mwenye mimba, na mitikisiko mingine inapita nao humo humo. Akakataa.

Ukanda wa tatu alikaa nao siku nyingi akibonyeza kimashine chake. Alisema huu hauondoi kosa, unaligawa. Badala ya kosa kubwa mahali pamoja, unakuwa na makosa madogo madogo ya kimo kimoja kila mahali, na hakuna linalozidi jingine. Hapo nilielewa kabla hajamaliza, na akashangaa. Nilimwonyesha dirishani. Wachumaji wetu walikuwa wakilaza fito ndefu juu ya michai, ili meza ya majani ikae sawa. Meza ya chai si sawa hata siku moja, kuna kichipukizi juu ya fito na kuna shimo chini yake. Lakini mchumaji mzuri hakuachi na shimo moja la kutumbukiza mguu. Anagawa. Injinia akasimama dirishani akiangalia wale wanawake muda mrefu, halafu akasema, "Mimi nililipa ada ya miaka minne." Siku hiyo nilimpenda kidogo.

Haikudumu. Ukanda wa tatu nao ukawa na kasoro, na kasoro yenyewe ilikuwa ile ile ya zote: ulichelewa. Alisema kwa hesabu zake chujio lazima lichelewe hatua tatu, maana linangoja namba tatu za mbele ya ile ya katikati. Lakini letu lilikuwa likichelewa sita, mara nyingine saba. Alirudia hesabu. Alinifokea kwamba sijui kuzidisha. Akaketi kando yangu siku nzima akikagua, akakuta najua kuzidisha. Akageuza kimashine akakitikisa.

Mimi nilijua. Hapa ndipo ninapojikasirikia hata leo nikinywa chai. Nilijua kwamba namba ninazompa si za mshale, ni za heshima, zimetembezwa nne nne tangu enzi za karani aliyetangulia. Mtu huyu alikuwa anachuja kitu kilichokwisha kuchujwa, na anashangaa kwa nini hakifiki mapema. Lakini nimwambie nini? Kwamba ubao wote ni adabu? Nikaendelea kuzidisha. Nilisema moyoni, atachoka, atarudi Nairobi.

Basi wiki moja kuni zikabadilika. Tulikuwa tukichoma kuni mbichi, mara trekta likaleta magogo ya mkaratusi, blugamu, makavu kabisa, yaliyokaa juani mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia mzee. Alasiri, mvua ikiwa inatisha huko juu, akatupa blugamu tanurini kama kawaida yake, na mshale ukaruka kutoka mia mbili mpaka mia mbili na kumi na nane. Nikamsikia nyuma ya ukuta akilaani kwa Kikipsigis. Papo hapo alifungua mlango wa tanuru akaanza kuvuta magogo yanayowaka kwa kulabu, moja moja, mpaka nyusi zikaungua. Ndani ya nusu saa mshale ulikuwa karibu umerudi mahali pake. Hakuna mtu mwingine kwenye chai nzima angeweza kufanya hivyo kwa haraka ile.

Na mimi, nikiwa na haraka ya kumlinda, niliandika mia mbili na nne. Halafu mia mbili na nane. Halafu mshale ukiwa unashuka nikakutana nao njiani kwenye mia mbili na tisa, tukashuka pamoja.

Chai ya alasiri ile ikaungua. Mwonjaji akasema imeungua sana. Meneja akataka kujua ni nani, na injinia, ambaye hakuwa mtu mbaya, akatoa karatasi yake. Karatasi ilionyesha mlima mpole, unaopanda taratibu. Alisema, "Joto halikuruka. Lilipanda polepole zaidi ya nusu saa, na tanurini hakuna aliyefanya kitu." Kwa sababu kama joto lilikuwa dogo hivyo na chai imeungua hivyo, basi lilidumu sana. Hesabu ilikuwa safi. Meneja akasema jicho la mzee limekwisha, Jumamosi atoe vyombo.

Ilikuwa Alhamisi. Nilirudi kwenye laini nikamkuta mzee amekaa mlangoni, nyusi hana, mke wake anafunga vibuyu kwa kamba.

"Waliandika nini juu yangu?" akaniuliza.

"Kwamba ulilala, mzee."

"Nani aliandika?"

Akaangalia vidole vyangu vyenye chaki, akasema, "Mtu wa ndizi. Uliniheshimu tena?"

Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisini. Injinia alikuwa pale na meneja, na ule ukanda uko mezani. Nilisema yote nimesimama. Nilisema mshale ulifika kumi na nane, nikaandika nne. Nilisema si siku hiyo tu, ni siku zote, ni ubao wote, na karani wa mbele yangu vilevile, na kama wanataka ushahidi waangalie nyuma kama kuna mahali namba moja imepita nyingine kwa zaidi ya nne.

Injinia alichukua madaftari akafungua. Akafungua jingine. Meneja akaanza kunitukana lakini injinia akainua mkono bila kumtazama, akasoma ukurasa mpaka mwisho. Halafu akauweka ukanda wake wa tatu juu ya meza taratibu, kama unaweza kuvunjika.

"Wiki saba," akasema. "Nimechuja maji ya kuchujwa."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini?"

Nilijaribu kumweleza mambo ya maziwa yenye nguvu. Sidhani alisikia. Alimwambia meneja kwamba karatasi yake haifai kumfukuzia mtu kazi, na kwamba mtu aliyerudisha moto wa kumi na nane ndani ya nusu saa ndiye mtu wa pekee anayefanya kazi sawasawa katika kile chumba. Nilikuwa nataka nimsifu hapa, lakini kesho yake akaniudhi tena. Alinifuata, wakati huo nimeshaondolewa ubaoni na kupelekwa juu kugeuza majani mabichi kwenye nyavu za kunyaushia, akaniuliza kama ile heshima yangu ilikuwa nne kila mara, au wakati mwingine tatu, kwa sababu angeweza kuiingiza kwenye hesabu na kuiondoa. Nilimwambia inategemea mahindi. Aliandika hilo kwenye kitabu chake.

Karani mpya alikuwa Mkisii mwenzangu, amesoma mpaka la saba. Aliapa kuandika kila anachoona. Wiki ya kwanza ubao uliruka kama panzi, injinia akafurahi, ukanda ukachelewa hatua zake tatu tu kama alivyosema. Wiki ya pili nilipita nikaangalia. Mia mbili, mia mbili na nne, mia mbili na nane. Na harufu ya mahindi.

Mzee hakunisemesha kwa muda, hata salamu yangu ya "chamgei" asubuhi aliiacha hewani. Nilidhani ni kwa sababu ya uongo wangu. Siku moja akanikuta kwenye lundo la kuni, akaketi.

"Siku ile ofisini," akasema, "uliwaambia moto wangu uliruka kumi na nane?"

"Niliwaambia."

"Mbele ya yule kijana?"

"Mbele yake, mzee."

Akachukua kipande cha blugamu, akakigonga na kingine, akasikiliza kama kimekauka. "Ilikuwa ishirini na moja," akasema. "Wewe ulisoma umechelewa." Akanitupia hicho kipande nikibebe, tukaenda.